Magadi ya Bennu na Maji ya Mwezi: Istilahi za Madini na Kemia ya Nyuso za Sayari

Utangulizi

Miongoni mwa habari za kisayansi zinazofika mezani kwa wafasiri wetu, habari zihusuzo sayari zimekuwa nyingi sana. Vyombo hupelekwa Mwezini, kwenye Mirihi na kwenye mawe makubwa yazungukayo Jua, navyo huleta taarifa juu ya miamba, chumvi, vumbi na barafu ya huko. Taarifa hizo hutafsiriwa kwa haraka, husomwa redioni, huchapishwa magazetini, na baada ya muda si mrefu huingia katika vitabu vya shule. Hapo ndipo mwalimu aulizwapo na wanafunzi wake: Je, Mwezini kuna maji au hakuna? Mwalimu husita. Sayansi inalo jibu, lakini sentensi aliyoisoma katika tafsiri imesema zaidi ya alivyosema mtafiti.

Makala haya yana kusudi moja. Twataka kuonyesha kwamba istilahi ya taaluma hii haina budi kusema kiasi kile kile kilichosemwa na kipimo, isizidishe wala isipunguze. Aghalabu tunapokutana na maneno ya kigeni ya sayansi hulalamika kwamba Kiswahili hakina maneno. Kwa upande wa madini ya sayari, shida kubwa ni nyingine: maneno tunayo, ila neno moja limebebeshwa maana tatu au nne, na mfasiri hupita juu yake bila kuuliza ni maana ipi iliyokusudiwa. Tutachukua mifano michache iliyo wazi, kisha tutatoa mapendekezo.

Mtaalamu hupataje habari zake?

Kabla ya kuchagua neno yafaa mfasiri aelewe mtaalamu anafanya nini. Mtu achunguzaye nyuso za sayari hutumia njia tatu zilizo kuu, na kila njia ina uwezo wake na mpaka wake.

Njia ya kwanza ni ya mwanga. Mwanga wa Jua uangukapo juu ya jiwe, sehemu yake hurudishwa na sehemu hufyonzwa. Kila kampaundi hufyonza mwanga wa urefu-wimbi wake. Chombo kiitwacho spektromita huutawanya mwanga uliorudishwa, kama vile matone ya mvua yanavyoutawanya mwanga wa Jua hata tukaona upinde, kisha hupima ni sehemu ipi iliyopungua. Mchoro upatikanao huitwa spektra, na mahali palipopungua mwanga huonekana kama bonde. Mabonde mengi yenye manufaa yamo katika infraredi, yaani mionzi isiyoonekana kwa macho ambayo urefu-wimbi wake umezidi ule wa mwanga mwekundu. Urefu huo hupimwa kwa mikromita, na mikromita moja ni sehemu ya milioni ya mita.

Njia ya pili ni ya kuhesabu elementi. Chombo kilichotua hulielekezea jiwe eksirei au chembe nyingine, nalo jiwe hujibu kwa mionzi ambayo hudhihirisha kiasi cha chuma, kalsiamu, salfa na kadhalika. Njia hii hueleza vilivyomo, lakini haielezi vimeunganikaje. Ni sawa na kujua kwamba ghalani mna unga, sukari na mafuta bila kujua kama kilichopikwa ni maandazi au keki.

Njia ya tatu ni ya kuleta sampuli nyumbani. Hapo jiwe huwekwa chini ya hadubini ya elektroni, fuwele zake zikaonekana moja moja na kupimwa. Njia hii hushinda zote kwa uhakika, ila ni ya gharama kubwa na hupatikana kwa nadra.

Basi mfasiri apatapo taarifa, swali lake la kwanza na liwe hili: je, mtafiti ameona alama katika mwanga, amehesabu elementi, au ameiona fuwele yenyewe? Jibu ndilo litakalomwongoza katika uteuzi wa neno.

Elementi, kampaundi, madini na mwamba

Neno "madini" katika matumizi ya kila siku ni kitu chenye thamani kichimbwacho ardhini: dhahabu, almasi, makaa ya mawe. Ofisini neno hilo huandamana na leseni, mrabaha na wachimbaji. Kwa hiyo msomaji akiambiwa kwamba chombo fulani kimepelekwa "kutafuta madini ya Mirihi," hufikiri upesi kwamba mataifa makubwa yanatafuta dhahabu huko. Sivyo. Mtaalamu wa sayari akisema madini ana maana ya kitu kigumu cha asili, chenye kemikali maalumu, ambacho atomu zake zimepangika kwa utaratibu wa fuwele. Thamani yake sokoni haimo katika maana hiyo. Kwa kipimo hicho chumvi ya mawe ni madini, jasi ni madini, na hata barafu ya asili ni madini.

Kuna kosa jingine ambalo hutokea mara kwa mara, nalo ni kuziita elementi "madini." Katika mafunzo ya lishe tumezoea kusema kwamba maziwa yana madini ya kalsiamu. Katika lishe neno hilo limekwisha kuzoeleka, wala hatukusudii kuligombea. Lakini likihamishiwa katika habari za sayari huleta mkanganyo. Tuchukue mfano. Mwishoni mwa mwaka 2011 chombo cha Marekani kiitwacho Opportunity, kilichokuwa kimetua kwenye Mirihi mwezi Januari 2004, kilikuta mshipa mweupe katika mwamba, upana wake kama wa kidole gumba. Kipimo cha elementi kilionyesha kalsiamu na salfa kwa uwiano ulioelekeza kwenye salfeti ya kalsiamu. Kamera yenye vichujio vya rangi ikaongeza dalili kwamba salfeti hiyo ina maji ndani ya fuwele zake. Kwa kuziunganisha dalili hizo mbili watafiti walifikia jina la madini: jasi.

Angalia hatua zilivyopangika. Kalsiamu na salfa ni elementi, nazo zilipimwa. Salfeti ya kalsiamu ni kampaundi, nayo ilitokana na hesabu ya uwiano. Jasi ni madini, nayo ni hitimisho la hoja. Mfasiri aandikaye "wamegundua madini ya kalsiamu na salfa" ameziangusha hatua zote tatu katika shimo moja, na msomaji hawezi kuzitoa tena.

Mwamba, kwa upande wake, ni mkusanyiko wa madini ya aina moja au zaidi. Sarufi nayo ina la kusema hapa. Kwa kuwa "madini" hayana umbo la umoja katika matumizi yetu, twapendekeza iandikwe "aina moja ya madini" pale mtafiti anapotaja moja tu, kuliko kubuni umbo ambalo hakuna mtu alisemaye.

Maji yenye hali nne

Mnamo Septemba 2009 zilitangazwa habari zilizowafikia watu wengi. Chombo cha kupima spektra kilichochukuliwa na Chandrayaan-1, setilaiti ya India iliyorushwa Oktoba 2008, kiliona bonde karibu na mikromita 3 katika mwanga uliorudishwa na uso wa Mwezi. Kazi ya chombo hicho iliongozwa na Carle Pieters wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani. Vipimo vya vyombo vingine viwili, Cassini na Deep Impact, vilithibitisha jambo hilo hilo. Magazeti mengi duniani yaliandika: maji yamepatikana Mwezini.

Watafiti wenyewe walikuwa waangalifu zaidi. Bonde lililo karibu na mikromita 3 huweza kutokana na molekuli ya maji, yaani atomu mbili za haidrojeni na moja ya oksijeni. Lakini pia huweza kutokana na haidroksili, yaani atomu moja ya haidrojeni iliyoshikamana na moja ya oksijeni ndani ya madini. Kwa bonde hilo peke yake ilikuwa vigumu kuzitenganisha, na kwa sababu hiyo waliandika yote mawili kwa pamoja. Tafsiri ikachukua moja tu.

Tofauti hii twaweza kuieleza kwa kitu kilichopo kwetu. Tanzanaiti ya Mererani, ambayo imejulikana tangu 1967, ni kampaundi ya kalsiamu, alumini, silikoni na oksijeni, na ndani yake mna haidroksili. Hata hivyo hakuna mtu ambaye angesema kwamba pete ya tanzanaiti imelowa, au kwamba msafiri mwenye kiu aweza kuinywa. Jasi ipo katika hali nyingine. Humo mna molekuli kamili za maji, karibu asilimia 21 ya uzito wake, zimefungwa mahali pake katika fuwele. Ukiichoma jasi maji hayo hutoka, na unga unaobaki ndio plasta itumiwayo na mafundi wa nyumba na mahospitali.

Kwa hiyo twaona hali nne ambazo zote hukimbilia neno "maji" katika tafsiri za haraka: maji huru, yaani yatiririkayo, barafu, maji ya fuwele, kama yale ya jasi, na haidroksili, ambayo si maji. Zaidi ya hizo kuna molekuli za maji zilizonaswa katika chembe za vumbi, ambazo twaweza kuziita "maji yaliyonaswa" bila kuongeza neno geni.

Tofauti hizi zina matokeo, na jambo hilo lilionekana wazi mwaka 2020. Watafiti walioongozwa na Casey Honniball walitumia darubini iliyochukuliwa ndani ya ndege, iliyoitwa SOFIA, wakaupima Mwezi kwenye mikromita 6.1. Mahali hapo katika spektra pana alama ya molekuli ya maji ambayo haidroksili hainayo. Alama hiyo ilionekana katika eneo la kreta ya Clavius. Kiasi kilikuwa kati ya sehemu 100 na 412 kwa kila milioni, ambacho wataalamu walikilinganisha na mililita 350 hivi katika mita moja ya ujazo; walieleza pia kwamba jangwa la Sahara lina maji mara mia zaidi ya hayo. Sasa tujiulize: ikiwa mfasiri aliandika mwaka 2009 kwamba "maji yamepatikana Mwezini," ataandika nini mwaka 2020? Ataonekana anairudia habari ya zamani, na mwanafunzi hatajua ni kitu gani kipya kilichogunduliwa. Istilahi iliyozidisha jana huzuia habari ya leo.

Madoa meupe ya Ceres

Mfano wa tatu waonyesha jinsi jina linavyoweza kubadilika kipimo kibadilikapo. Ceres ni sayari kibete yenye kipenyo cha kilomita 940 hivi, iliyo kati ya Mirihi na Mshtarii. Iligunduliwa na Giuseppe Piazzi huko Palermo tarehe 1 Januari 1801. Mwezi Machi 2015 chombo cha Dawn kilianza kuizunguka, na katika kreta iitwayo Occator, yenye upana wa kilomita 92, yalionekana madoa yanayong'aa sana kuliko uso uliobaki, ambao ni mweusi.

Kwanza palikuwa na dhana kwamba ni barafu. Mwezi Desemba 2015 watafiti walioongozwa na Andreas Nathues wa Ujerumani, wakitumia kamera yenye vichujio vya rangi, walieleza kwamba madoa yalilingana na salfeti ya magnesiamu yenye maji ya fuwele. Kisha, katikati ya 2016, Maria Cristina De Sanctis wa taasisi ya taifa ya astrofizikia ya Italia na wenzake walitoa matokeo ya spektromita ya infraredi ya chombo hicho hicho. Spektra ilikuwa na mabonde karibu na mikromita 3.4 na 4.0, ambayo ni alama za kaboneti. Na kwa kuwa mahali hasa pa bonde hutegemea metali iliyoungana na kaboneti hiyo, waliweza kusema kwamba sehemu kubwa ilikuwa kaboneti ya sodiamu. Ulikuwa mkusanyiko mkubwa kupita wowote uliokuwa umejulikana nje ya Dunia hadi wakati huo. Mwaka 2020 watafiti hao walieleza kwamba wameona pia chumvi ya kloridi ya sodiamu yenye maji ya fuwele.

Barafu, salfeti, kaboneti: majina matatu kwa doa moja. Msomaji asiyejua njia za kazi hii atasema wanasayansi hubahatisha. Sivyo hata kidogo. Kamera yenye vichujio saba huuona mwanga kwa vipande vipana vichache. Spektromita huuona kwa vipande vyembamba mamia. Mfasiri mwema hana budi kukihifadhi kitenzi cha mtafiti. "Yalingana na" si "ni." "Yaonyesha alama ya" si "imethibitika kuwa." Vitenzi hivi havihesabiwi kuwa istilahi katika orodha zetu, lakini vina uzito ule ule wa istilahi, na vikitupwa jina sahihi halisaidii kitu.

Magadi: neno la jikoni katika maabara

Twafika sasa kwenye neno lililotufanya tuandike makala haya. Kaboneti ya sodiamu ikitajwa, Mswahili yeyote hukumbuka magadi. Je, basi, mfasiri aseme kwamba Ceres ina magadi?

Tuangalie kwanza maana. Magadi ni kitu kinachojulikana na watu wetu tangu zamani: hutiwa katika maharage na mboga ngumu ili zilainike, na huchanganywa na tumbaku ya ugoro. Ziwa Magadi la Kenya limepata jina kwa sababu hiyo, na Ziwa Natron la Tanzania lina gamba la namna hiyo hiyo. Gamba hilo hujengeka maji yenye chumvi yanapokauka kwa jua. Madini yaliyo mengi humo huitwa na wataalamu trona: ni kaboneti ya sodiamu, bikaboneti ya sodiamu na maji, vyote vimefungwa katika fuwele moja. Lakini dukani jina la magadi huweza kupewa pia unga wa bikaboneti peke yake, au kaboneti itumiwayo viwandani. Katika lugha ya kawaida, kwa hiyo, neno hili lina kemikali tatu ndani yake.

Tarehe 24 Septemba 2023 kasha la chombo cha OSIRIS-REx lilitua katika jangwa la Utah, Marekani, likiwa na gramu 121.6 za vumbi na vijiwe kutoka Bennu, asteroidi yenye upana wa karibu nusu kilomita. Sampuli hiyo ilikuwa imechotwa Oktoba 2020. Mwezi Januari 2025 kundi la watafiti, miongoni mwao Tim McCoy wa Smithsonian na Sara Russell wa Makumbusho ya Historia ya Asili ya London, lilitangaza kwamba ndani ya sampuli mna mfululizo wa chumvi za aina ambazo hubaki maji ya chumvi yanapokauka polepole. Mojawapo ya chumvi hizo ni trona, na hii ilikuwa mara ya kwanza trona kuonekana katika sampuli iliyotoka nje ya Dunia. Maelezo yao ni kwamba Bennu ni kipande cha mwili mkubwa zaidi wa zamani, na kwamba ndani ya mwili huo, yapata miaka bilioni 4.5 iliyopita, palikuwa na mifuko ya maji ya chumvi.

Kwa nini chumvi hizo hazikuwa zimeonekana hivyo katika mawe ya vimondo yaliyookotwa duniani? Sababu ni unyevu. Kimondo cha Mbozi ni chuma kilichochanganyika na nikeli, nacho kimestahimili mvua za miaka mingi. Lakini chumvi ndogo ndogo ndani ya jiwe laini huyeyuka au kubadilika mara ziguswapo na hewa yenye maji. Sampuli ya Bennu ililindwa isiguswe na hewa yetu, na kwa ajili hiyo ilihifadhi kile ambacho mawe mengine yalikwisha kupoteza.

Hapa twaweza kujibu swali letu. Katika Bennu fuwele zenyewe zimeonekana, nazo ni trona. Na trona ndiyo magadi ya Ziwa Magadi, kwa kemikali na kwa namna ya kuzaliwa kwake. Mfasiri aandike bila woga: "magadi yameonekana katika sampuli ya Bennu." Neno letu hubeba hata lile ambalo jina la kigeni halibebi kwa msomaji wetu, yaani sura ya ziwa linalokauka. Lakini katika Ceres kilichoonekana ni alama ya kaboneti ya sodiamu katika mwanga, trona haikutajwa. Huko aandike "kaboneti ya sodiamu," na akipenda kumsaidia msomaji aongeze kwamba ni kampaundi ya jamii moja na magadi. Kuandika "magadi ya Ceres" ni kuweka mdomoni mwa spektromita jambo ambalo haikulisema.

Wako watakaosema kwamba neno la jikoni halifai katika maandishi ya kitaalamu. Hoja hiyo haina nguvu. Chumvi ni neno la jikoni, na hakuna mwalimu wa kemia anayeliona aibu. Linalotakiwa ni kuliwekea mpaka: katika elimu ya madini "magadi" na yawe trona peke yake, na zile kemikali nyingine mbili ziitwe kwa majina yake kamili.

Maneno yabebayo sababu

Limebaki kundi moja la maneno la kuangalia kwa uangalifu, nayo ni yale yanayotaja kitu pamoja na chanzo chake.

"Kasoko" katika jiografia yetu ni mdomo wa volkeno. Mfasiri aandikapo "kasoko ya Occator" amekwisha kutoa hukumu kwamba palikuwa na mlipuko wa volkeno, ilhali shimo hilo lilichimbwa na mgongano. Wataalamu walibishana muda mrefu kama mashimo ya Mwezi ni ya volkeno au ya migongano. Ubishi kama huo hauwezi kusimuliwa kwa Kiswahili ikiwa neno letu limekwisha kuchagua upande mmoja. Twapendekeza "kreta" pale chanzo kisipotajwa, "kasoko" kwa volkeno, na "shimo la mgongano" pale mgongano unapojulikana.

"Kutu" nayo hutumiwa kueleza wekundu wa Mirihi. Kama mfano ni nzuri, kwani rangi hiyo hutokana na chuma kilichoungana na oksijeni. Lakini kutu kwetu ni ugonjwa wa chuma kilicholowa, na swali la kiasi gani maji yalihusika ndilo hasa wanalolichunguza. Kwa muda mrefu vumbi hilo lilihusishwa na hematiti, ambayo haina maji ndani yake. Mwaka 2025 watafiti walioongozwa na Adomas Valantinas walitoa hoja kwamba ferihaidraiti, oksidi ya chuma yenye maji, yalingana na vipimo vizuri zaidi. Katika maandishi ya kitaalamu na tuseme "oksidi ya chuma," kisha tutaje madini pale yanapotajwa.

"Udongo" ni neno la mkulima kabla ya kuwa la mtaalamu. Katika masomo ya kilimo mna mboji, viumbe na rutuba ndani yake, mambo ambayo vumbi la Mwezi halina. Kwa tabaka hilo la vumbi na vipande vya miamba iliyovunjwavunjwa, "regolithi" ni istilahi salama. Aidha "udongo wa mfinyanzi" utofautishwe na "madini ya mfinyanzi." La kwanza ni udongo tuufinyangao, la pili ni jamii ya madini yenye tabaka nyembamba, ambayo yameonekana kwenye Mirihi na Ceres pia, wala hayamlazimu mtu kudhani kwamba huko kuna shamba.

Mapendekezo

Kwa muhtasari twapendekeza istilahi zifuatazo:

Elementi: kitu cha asili chenye atomu za aina moja tu, kama chuma au kalsiamu.
Kampaundi: muungano wa elementi mbili au zaidi kwa uwiano maalumu.
Madini: kitu kigumu cha asili chenye kemikali maalumu na mpango wa fuwele.
Mwamba: mkusanyiko wa madini.
Spektra: mchoro wa nguvu ya mwanga kwa kila urefu-wimbi.
Bonde la ufyonzaji: mahali katika spektra palipopungua mwanga kwa kufyonzwa.
Haidroksili: muungano wa atomu moja ya haidrojeni na moja ya oksijeni ndani ya kampaundi, usiitwe maji.
Maji ya fuwele: molekuli za maji zilizofungwa katika mpango wa fuwele.
Maji yaliyonaswa: molekuli za maji zilizoshikwa ndani au kati ya chembe.
Magadi: madini yaitwayo trona.
Jasi: salfeti ya kalsiamu yenye maji ya fuwele.
Regolithi: tabaka la vumbi na vipande vya miamba juu ya uso wa sayari, mwezi au asteroidi.
Kreta: shimo la mviringo ambalo chanzo chake hakikutajwa.

Zaidi ya orodha hii twawashauri wafasiri wafuate mambo matatu. Kwanza, wasipandishe daraja: elementi isifanywe madini, haidroksili isifanywe maji. Pili, wahifadhi vitenzi vya mashaka jinsi vilivyo. Tatu, wapendelee neno la wenyeji pale maana zinapolingana kamili, na walikatae, hata likiwa tamu, pale linaposema zaidi.

Walimu nao wana sehemu yao. Mwanafunzi aliyezoea kuuliza "wamejuaje?" kila asomapo kwamba kitu fulani kimegunduliwa atanufaika zaidi kuliko yule aliyekariri orodha ya majina. Nao watumishi wa serikali waandikao juu ya madini ya nchi yetu watakuta kwamba tofauti kati ya kilichopimwa na kilichodhaniwa si ya anga pekee. Taarifa ya mgodi inaihitaji vivyo hivyo.

Mapendekezo haya yametolewa ili yajadiliwe. Wasomaji walio na maneno bora zaidi, hasa wale watokao sehemu ambako magadi, jasi na udongo wa kufinyanga vina majina mengi kuliko tuliyoyataja, wanaombwa wayalete, pamoja na maelezo ya kitu chenyewe na namna kitumiwavyo.